Kepler-452b: sayari iliyotangazwa, ushahidi unaosubiri

Tarehe 23 Julai 2015, NASA ilitangaza sayari iliyopewa jina Kepler-452b na kuiita binamu wa Dunia, mkubwa na mzee zaidi. Nyota yake ni ya aina ya G2, kama Jua letu. Joto la uso wake ni karibu Kelvin 5,757, uzito wake unalizidi Jua kwa asilimia 4 hivi, na kipenyo kwa asilimia 11. Sayari huizunguka kwa siku 384.8, na kipenyo chake ni kama mara 1.6 ya Dunia. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2018, Fergal Mullally na wenzake waliozijua vizuri data za Kepler, darubini ya angani iliyoigundua, waliandika kwamba sayari hiyo haijafikia kiwango cha kuitwa iliyothibitishwa. Hawakusema haipo. Walisema ushahidi wa Kepler peke yake hautoshi kuondoa uwezekano kwamba kilichoonekana ni hitilafu ya chombo.

Lisemwalo lipo, husema wahenga. Katika sayari za mbali methali hiyo ni ya hatari, na kisa hiki kinaonyesha kwa nini. Waliotangaza mwaka 2015 hawakubahatisha, na waliopinga mwaka 2018 hawakutafuta ugomvi. Tofauti yao iko ndani ya vipimo, kwa hiyo tuanze huko.

Sayari yenyewe haikuonekana. Kilichoonekana ni nyota kufifia kidogo kila sayari inapopita mbele yake. Kwa vipimo hivi, kufifia huko ni takriban sehemu 200 kati ya milioni: katika kila chembe 5,000 za mwanga zilizokuwa zije, moja haikufika. Chukua mfuko wa mchele wa kilo 50, upunguze gramu 10, yaani kijiko kimoja cha chakula, kisha uupime tena. Mizani nzuri ingeona tofauti. Lakini mizani ya Kepler ilikuwa ikitetemeka, kwa sababu nyota nayo hubadilika kidogo, mwanga hufika chembe kwa chembe, na vihisi vina kelele za umeme. Kepler iliandika mwanga wa nyota karibu kila nusu saa, na mpito mmoja wa sayari hii ulidumu kama saa 10 na nusu. Hiyo ni nukta 21 tu kwa kila mpito, na katika nukta moja ukubwa wa kelele unakaribia kina cha mpito wenyewe. Ukiitazama chati ya mpito mmoja kwa macho, hutaona shimo, utaona nukta zilizotawanyika ambazo wastani wake umeshuka kidogo.

Mipito iliyopatikana ni minne. Haingeweza kuwa mingi, maana Kepler ilitazama eneo hilo la anga, kwenye makundinyota ya Dajaja na Kinubi, kwa miaka minne tu, hadi gurudumu la pili la kuielekeza lilipoharibika Mei 2013. Programu ya kuchambua ilidai nguvu ya ishara ifike angalau mara 7.1 ya kelele ndipo ihesabiwe. Kepler-452b ilivuka kizingiti hicho, lakini jumla ya mipito yote minne haikufika 10. Nguvu ya ishara hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya mipito, kwa hiyo kila mmoja peke yake ulikuwa chini ya 5. Huo ndio udhaifu ambao mjadala wote umeuegemea.

Timu ya Jon Jenkins, iliyotangaza sayari hii, ilifuata utaratibu wa kawaida. Adui mkubwa wa njia hii ni nyota pacha za nyuma: mbili zinazofunikana, ziko mbali sana, na mwanga wao umechanganyika na wa nyota inayochunguzwa. Wakahesabu uwezekano wa kila mpangilio wa namna hiyo, wakatoa mipangilio ambayo picha kali na spektra (mwanga uliotawanywa kwa rangi zake) ziliikataa, wakapata kwamba sayari ina uwezekano mara 424 zaidi ya hila hizo. Ni sawa na asilimia 99.76, juu ya asilimia 99 ambayo wanaastronomia hutaka. Hesabu hiyo haina kasoro katika swali ililoulizwa. Tatizo ni kwamba ilianza kwa kukubali kwamba kuna kitu angani kilichosababisha kufifia, kisha ikauliza ni kitu gani. Mullally alirudi hatua moja nyuma: je, kama angani hapakuwa na kitu, na kufifia kulizaliwa ndani ya darubini?

Swali hilo lina uzito kwa sababu ya jinsi Kepler ilivyofanya kazi. Ililizunguka Jua kwa takriban siku 372. Kila siku 93 hivi iligeuzwa robo mzunguko ili paneli zake ziendelee kulielekea Jua. Kila ilipogeuzwa, nyota ileile iliangukia kihisi kingine, na baada ya mageuzi manne ikarudi kwenye kihisi cha kwanza. Vilikuwepo vihisi 42, na si vyote vilikuwa na tabia njema. Baadhi vilitoa michirizi ya umeme iliyotembea polepole juu ya picha kadiri joto la vifaa lilivyobadilika. Nyota inayokutana na kihisi kibaya mara moja kwa mwaka itaonekana kufifia mara moja kwa mwaka. Ndiyo maana ishara za uongo zilirundikana kwenye vipindi vya karibu siku 372. Siku 384.8 ziko jirani kabisa na rundo hilo.

Ukubwa wa tatizo ulipimwa kwa mbinu mbili ambazo kila mchambuzi wa data za aina hii angepaswa kuzijua. Ya kwanza ni kuigeuza chati ya mwanga juu chini. Mashimo yanakuwa vilima, kwa hiyo mpito wa kweli hauwezi kuonekana tena, na chochote ambacho programu itakiita mpito ni cha uongo kwa hakika. Ya pili ni kuchanganya mpangilio wa robo mwaka za data, ili ishara ya kweli inayojirudia kwa mpangilio ivunjike huku kelele zikibaki. Kisha unaendesha programu ileile, kwa vizingiti vilevile, na kuhesabu ngapi zimepita. Upande mwingine unapandikiza mipito bandia ili ujue programu inakosa ngapi za kweli.

Orodha ya mwisho ya Kepler, iliyotoka kwa kazi hiyo, ilianza na ishara 34,032 na kubakiza sayari tarajiwa 4,034. Kwa vipindi vya chini ya siku 100, uaminifu wa orodha, yaani sehemu ya sayari tarajiwa isiyotokana na kelele, ni zaidi ya asilimia 98. Lakini kwa ishara dhaifu za kati ya siku 200 na 500, kwenye nyota zinazofanana na Jua, programu ilikamata asilimia 76.7 ya mipito bandia, na uaminifu ukashuka hadi asilimia 50.5. Nusu tu! Na huko ndiko iliko kila sayari inayofanana na yetu ambayo Kepler ingeweza kuiona.

Isieleweke kwamba Kepler-452b ina nafasi nusu kwa nusu. Namba hiyo ni ya kundi zima, na ishara hii ilikaguliwa zaidi ya wastani wa kundi. Wanaoitetea wana hoja ya fizikia pia: muda wa saa 10 na nusu unaendana na kile ambacho sayari ya kipindi hicho ingetumia kukatiza uso wa nyota ya ukubwa huo bila kupita katikati yake kabisa. Kelele ya kihisi hailazimiki kutii hesabu hiyo. Tena, 384.8 si 372, na tofauti ya siku 12 kwa mzunguko si ndogo kwa hitilafu iliyofungwa na mwaka wa darubini. Mipito ingekuwa kumi, hoja hizi zingetosha. Kwa minne iliyo dhaifu, umbo la mpito halisomeki vizuri, na kelele nne zilizotokea kwa nafasi zinazolingana zinaweza kuliiga.

Historia imewapa pande zote mbili mfano. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz walitangaza sayari ya nyota 51 Pegasi, inayofanana na Jua, yenye kipindi cha siku 4.23. Mwaka 1997 David Gray alidai kwamba ni uso wa nyota unaotikisika, si sayari. Vipimo vipya vya 1998, vikiwemo vyake mwenyewe, viliondoa shaka, na waliogundua wakapata tuzo ya Nobel mwaka 2019. Kinyume chake ni sayari ya Alpha Centauri B, mmoja wa mapacha wa Rijili Kantori, nyota angavu ya kusini inayoonekana vizuri kutoka pwani yetu. Ilitangazwa mwaka 2012 kwa mtikisiko wa nyota, yaani nyota kuvutwa huku na huku na sayari, wa nusu mita tu kwa sekunde. Mwaka 2015 ikaonyeshwa kwamba nyakati za upimaji zenyewe zingeweza kuzaa ishara hiyo. Tofauti ya visa hivyo viwili ni kwamba 51 Pegasi ilikuwa ishara kubwa ambayo darubini nyingine iliweza kuirudia.

Je, Kepler-452b inaweza kurudiwa? Njia ya mtikisiko haisaidii sana. Dunia huvuta Jua kwa sentimita 9 kwa sekunde; sayari yenye uzito wa Dunia tano ingevuta nyota hii kwa sentimita 45 hivi, lakini nyota yenyewe ina mwangaza wa daraja la 13.4, hafifu karibu mara 900 kuliko nyota dhaifu kabisa inayoonekana kwa macho. Darubini za ardhini zinakwama kwenye mpito pia, kwa sababu hewa inacheza, na usiku mmoja hautoshi kupima saa 10 na nusu pamoja na saa za kabla na baada. Mradi wa PLATO wa Ulaya, wenye kamera 26, umechaguliwa kuanza na eneo la anga ya kusini, mbali na Dajaja. Inabaki darubini ya angani kama Hubble, ambayo ingelazimika kutengewa mizunguko mingi mfululizo, Dunia ikiikinga kwa sehemu kubwa ya kila mzunguko wa dakika 95.

Kwa hesabu za jumla, ubishi wa ndiyo au hapana si lazima. Unaweza kuihesabu kila sayari tarajiwa kwa uzito wa uaminifu wake, ya asilimia 60 ikahesabiwa 0.6. Utafiti wa Bryson na wenzake wa 2021 ulizingatia uaminifu huo, ukapata kati ya sayari 0.37 na 0.60 za ukubwa wa kukaribia Dunia kwa kila nyota, kwenye ukanda ambamo maji yanaweza kubaki kimiminika, na mipaka ya makosa mipana sana pande zote. Huko Kepler-452b moja haibadilishi mengi.

Inapoitwa kwa jina ndipo mambo hubadilika. Michoro yenye bahari na mawingu imesambaa, wakati hata kama sayari ipo, timu iliyoigundua iliipa uwezekano wa asilimia 49 hadi 62 tu wa kuwa ya mwamba, kwa sababu kipenyo cha 1.6 ni mpakani na sayari zenye tabaka nene la gesi. Kwa hiyo neno sahihi kwenye orodha ni "tarajiwa", na orodha zinazoiweka pamoja na zilizothibitishwa zinapaswa kuihamisha. Kuihamisha hakumdhalilishi mtu. Kunamwambia mtoa muda wa darubini kwamba kazi haijaisha.

Na kazi hiyo ina saa inayokimbia. Kipindi cha siku 384.843 kinajulikana kwa usahihi wa takriban sehemu moja ya mia ya siku, yaani kama dakika 14. Kila mpito unaopita bila kupimwa unaongeza dakika 14 nyingine. Baada ya mipito kumi, atakayetaka kuutazama atahitaji kufungua darubini zaidi ya saa mbili mapema, na kuiacha wazi zaidi ya saa mbili baada ya muda uliotarajiwa.