Grafini ikipewa haidrojeni haijafa

Grafini ni karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja tu. Ukiwatajia watu grafani, yaani grafini iliyoshikishwa haidrojeni, wengi wanakwambia mmeharibu kitu kizuri. Na hoja yao si ya kupuuza, maana elektroni kwenye grafini zinapita kama kilomita 1000 kwa sekunde, sasa unaleta haidrojeni inakamata kaboni moja moja, karatasi iliyokuwa bapa inakuwa na mabonde na ikijaa kabisa inageuka kihami, umeme haupiti.

Sawa, ila grafini yenyewe ilikwama wapi? Transista, ile swichi ndogo ya umeme ndani ya chipu, lazima izimike, na grafini haizimiki, haina pengo la nishati, yaani kizingiti ambacho elektroni lazima zivuke ndo umeme upite, kwa hiyo ukifunga geti, sehemu inayoiamuru swichi, mkondo bado unapita. Haidrojeni ndo inafungua hilo pengo. Mwaka 2010 watafiti waliipanga haidrojeni kwa mpangilio maalumu juu ya grafini iliyolazwa kwenye metali ya iridiamu, likafunguka pengo la walau elektronivolti 0.45 (kipimo cha nishati ya elektroni), na hawakuijaza karatasi nzima.

Kinachoniuma mimi ni ile asilimia 7.7, sehemu ya uzito wa grafani ambayo ni haidrojeni. Grafani ina kaboni moja kwa haidrojeni moja, uzito 12 kwa 1, kwa hiyo haidrojeni ni sehemu moja ya 13, ndo unapata 7.7. Mtafiti Sofo na wenzake walipoitabiri grafani kwa hesabu mwaka 2007 watu wakaishika hiyo namba wakaanza kuota tangi la kuhifadhi haidrojeni ya kuendeshea magari. Tatizo ni kwamba haidrojeni hapo haijahifadhiwa tu, imefungwa kikemia, kuitoa kunataka joto kali. Timu ya Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, mwaka 2009 iliipitisha grafini kwenye plazma baridi ya haidrojeni (gesi yenye chaji za umeme), halafu kuirudisha ikabidi waipashe moto nyuzi 450 hivi za Selsiasi. Tangi gani hilo la gari? Basi wakosoaji wakasema mradi mzima umefeli.

Jamani, nyuzi 450 hizohizo ndo ushahidi mkubwa kuliko wote kwamba grafini haijafa! Haidrojeni ilitoka, grafini ikarudi, ikapitisha umeme tena karibu kama mwanzo, kasoro chache tu zikabaki. Yaani kifungo kina nguvu ya kutosha kukaa kwenye joto la kawaida, na bado hakiui karatasi. Unaweza ukawa na karatasi moja, sehemu iliyoachwa tupu ni waya, sehemu yenye haidrojeni ni kihami, na hakuna kiungo katikati kwa sababu kaboni ni zilezile.

Udhaifu wa kweli upo, na tangi halihusiki. Grafini ikilala juu ya kitu haidrojeni inaingia zaidi upande mmoja, inakaa mabaka mabaka, na mpaka kati ya waya na kihami unatoka na kingo zisizonyooka, kwenye vipimo vidogo hivyo atomu chache tu zikikaa vibaya tabia ya umeme inabadilika. Wanaopinga wangebana hapo kwenye mpaka ningewasikiliza kwa makini kabisa.