Nilivyowaombea bomu wazee wa Kongwa

Mi nina steshenari hapa Dodoma mjini, maeneo ya Makole, chumba kimoja tu, mashine ya fotokopi ambayo ikipata joto inagoma, kompyuta mbili, na nje nimetundika kibao TUNACHAPA, TUNASKANI, TUNATAFSIRI KIINGEREZA. Hilo la mwisho ndo lililoniponza. Kiingereza changu ni cha form four, nilipata C, ila kwa mtaani kwetu C ya Kiingereza ni kama uprofesa, maana anayekuja kuchapiwa barua mara nyingi hana uwezo wa kujua umemchapia nini.

Sasa mwaka juzi, kiangazi, mida ya saa nne asubuhi akaingia mzee mmoja, kofia ya pama, fimbo, koti la suti juu ya jezi, katokea upande wa Kongwa. Nikampa shikamoo, akasema marahaba mjukuu wangu, nikachomekea na "mbukwenyi" ili ajue na mimi wa humu humu, akafurahi akavuta kiti. Mkononi ana kifuko cha karanga na kikaratasi chenye anwani ya imeili ya mzungu mmoja mtafiti, alikuja kijijini kwao kuuliza habari za ule mradi wa karanga wa Mwingereza, akaondoka kaahidi kwamba wazee wakihitaji nyaraka yoyote ya zamani wamwandikie tu.

Mradi wa karanga kama huujui muulize mtu yeyote wa Kongwa, jiandae kukaa. Ulianza 1947, Waingereza walikuja na matrekta wakafyeka mapori, mengine yalikuwa vifaru vya Sherman vya vita vya pili vimegeuzwa matrekta, hilo ni la kweli kabisa sikutanii. Karanga zikagoma. Mvua za Ugogo unazijua, na ule udongo ukikauka unakuwa saruji. 1951 wakafunga virago, hasara zaidi ya pauni milioni 30. Mzee alikuwa mtoto anachunga mbuzi, anasema yeye alikuwa anawaonea huruma.

Shida yake ni mpaka wa shamba la ukoo. Ana kesi na majirani, na anaamini kuna sheria ya mkoloni itamsaidia, anaiita "odinansi", ile ya ardhi ya 1923 ambayo 1928 ikarekebishwa ikatambua na wenyeji wanaokaa kwenye ardhi kwa mila zao. Nikamwambia babu hiyo ilishafutwa, siku hizi tuna sheria za ardhi za 1999. Akaniangalia. "Mjukuu wangu, nimekuomba uchape."

Basi nikachapa. Na hapa naomba mnielewe, sikuwa mzembe kiasi hicho. Niliandika neno kwa kusikiliza masikio, kompyuta ikapiga mstari mwekundu, nikabofya kulia, ikanipa "ordnance", mstari ukapotea. Na bado roho ikasema hakikisha, nikaingia Google nikaandika ordnance na neno la ardhi, likaja Ordnance Survey, ramani juu ya ramani, mashamba, mito, mipaka! Nikasema si ndo yenyewe, mambo ya ardhi haya. Kumbe Ordnance Survey ni shirika la ramani la Uingereza ambalo lilianza 1791 chini ya bodi iliyokuwa inasimamia mizinga na baruti, walikuwa wanamhofia Mfaransa asije akavuka bahari, wakataka ramani za pwani ya kusini. Jina la mizinga likabaki kwenye ramani mpaka leo. Sasa mtu wa Makole atajuaje?

Sheria ni "ordinance", ina i katikati. "Ordnance" isiyo na i ni silaha, mizinga, mabomu, risasi na mazagazaga yake. Herufi moja tu. Na mimi kwa kuwa ilikuwa ya ardhi nikaweka na neno la ardhi mbele yake, kwa hiyo mzungu alichosoma yeye ni kitu kama bomu la ardhini.

Barua yenyewe ninayo hadi leo, nawatafsiria kwa uchungu. Sisi wazee wa kijiji tunakuomba ututafutie bomu la ardhini la mwaka 1923, lile la Gavana. Tuliokuwa nalo ni nusu, nusu nyingine imeliwa na panya. Serikali inasema lilishaondolewa ila sisi tunaamini bado lina nguvu. Tunakusudia kulifungua mbele ya mkutano mkuu wa kijiji ili vijana ambao hawajawahi kuliona wajue uwezo wake, na majirani zetu wakome. Ukilipata lifunge vizuri, litume kwa basi, tutalipokea stendi ya Nane Nane. Wako mtiifu. Na chini nikaweka namba yangu ya simu, kwa sababu mzee hana WhatsApp.

Nikatuma, nikalipwa elfu tatu na karanga.

Mzungu wa watu alijibu ndani ya saa mbili, herufi kubwa tupu. MSILIGUSE. MSILIFUNGUE. ONDOKENI KARIBU NALO, MWITENI POLISI. Mi nikasoma nikadhani anamaanisha hiyo sheria isiguswe maana ni nyeti, nikajibu asante sana, mzee analo nyumbani kwake salama.

Kumbe yule jamaa kasoma historia ya Kongwa vizuri kuliko mimi. Ukiacha vifaru vilivyogeuzwa matrekta, kuanzia 1964 pale palikuwa na kambi za wapigania uhuru, FRELIMO, SWAPO, ANC na wengine, wamefanya mazoezi miaka na miaka. Kwa hiyo kusikia mzee wa Kongwa ana nusu ya bomu nyumbani kwake hakuona kama ni kichekesho. Akampigia mwenyeji wake hapa Dodoma, huyo akampigia mtendaji wa kijiji, mtendaji akachukua mgambo wawili na sajenti mmoja mstaafu anayeishi hapo kijijini, aliyepigana Kagera, wakaenda kwa mzee. Halafu mtendaji akanipigia na mimi. "Wewe ndo uliyechapa barua ya bomu?" Nikasema ya nini? Akasema panda gari uje.

Nikafunga duka. Nikadandia Noah mpaka Kibaigwa, njia nzima natetemeka, pale nikachukua bodaboda kuingia ndani. Nafika nakuta kijiji kizima kimesimama mbali chini ya mbuyu, mbuzi wote wameswagwa upande wa pili, na mzee yuko peke yake kwenye kiti chake mbele ya nyumba, kakasirika, maana kawakaribisha chai hakuna aliyesogea.

Walionisimulia wanasema mahojiano yalikwenda hivi, na mtendaji alikuwa anapiga kelele kutokea barabarani.

"Mzee wangu, hicho kitu kipo?"

"Kipo."

"Kiko wapi?"

"Chini ya kitanda, kwenye sanduku la bati. Mwaka wa arobaini huu nalala juu yake."

Mgambo mmoja akarudi nyuma.

"Nani mwingine anajua?"

"Bibi yenu. Yeye ndo anakifuta vumbi."

Mgambo wa pili akarudi nyuma.

"Ulikipata wapi?"

"Kaniachia baba mdogo, alikuwa karani wa mkoloni. Akaniambia usije ukakionyesha kwa mtu mpaka siku ya kesi."

Hapo ndo mtendaji akaamuru watoto watolewe shuleni kabla ya muda, na naambiwa watoto hawakubisha.

Bibi ndo alituokoa. Alikuwa kisimani, karudi na ndoo yake kichwani, kaona umati, kauliza kuna msiba wa nani, hakujibiwa cha maana, akapita katikati yao akaingia ndani na tukasikia sanduku linaburuzwa kwenye sakafu. Watu walilala chini. Na mimi nililala, sitawadanganya, na shati jeupe. Bibi akatoka nalo akaliweka juani akalifungua mfuniko, likatoka vumbi, likatoka na panya mmoja.

Ndani karatasi. Za njano, zimetafunwa pembeni, zimefungwa na kamba ya katani. Yule sajenti mstaafu akainuka wa kwanza, akajipangusa magoti, akasogea taratibu akavaa miwani, akasoma juu kabisa, akageuka akauliza nani kachapa barua. Nikanyoosha mkono nikiwa bado nimelala.

"Njoo hapa kijana. Soma hilo neno herufi moja moja."

Nikasoma. Nilipofika kwenye i akanisimamisha.

"Hiyo kwenye barua yako uliiweka?"

Nikasema afande, kompyuta iliitoa. Akacheka mpaka akakaa chini, anasema yeye jeshini kakaa stoo miaka kumi na mbili, hiyo isiyo na i ndo ilikuwa kazi yake, kuhesabu risasi na maganda yake, hii yenye i haijawahi kumuua mtu labda kwa usingizi. Mtendaji hakucheka. Aliniandikisha maelezo, ukurasa mzima, na kwenye maelezo yenyewe akaandika "odinansi" mara nane bila kusema ni ipi, nami sikuwa na ujasiri wa kumuuliza.

Juzi juzi nikamsimulia kijana mmoja Mrundi anayesoma UDOM, alikuja kuprinti, akanicheka akasema kwao kwenye Kifaransa neno hilo hilo ni karatasi anayokuandikia daktari ukachukue dawa. Nikafuatilia, kumbe kweli yote yametoka kwenye neno moja la Kifaransa cha zamani la kupanga na kuamuru, Waingereza wakalikata i moja wakalipeleka jeshini. Yaani sheria, bomu na panadol ni ndugu wa tumbo moja.

Mzee alirudi wiki iliyofuata tuandike upya. Safari hii hakukaa upande wa wateja, alivuta kiti akakaa ubavuni kwangu, kidole kwenye skrini. "Iko wapi i? Hiyo hapo? Haya endelea." Na kwa kuwa nilishaingiwa na woga nikaanza kupekua na mafaili mengine, nikafungua CV ninayoitumia kama mfano kwa kila mteja, tangu 2019. Pale kwenye hali ya ndoa nilitakiwa kuandika "marital". Nimeandika "martial". Hali ya kivita: ameoa.

Nikashika kichwa. Mzee akauliza kuna nini tena, nikamweleza, akawaza kidogo anatafuna karanga zake.

"Hao uliowaandikia hivyo, kuna aliyepata kazi?"

Nikamwambia ninayemjua ni mmoja.

"Kazi gani?"

Ulinzi.