Mchwa Wamesoma Kuliko Mimi

Jamani, mchwa wa Mbagala wamesoma kuliko mimi. Juzi nimevuta boksi la vitabu chini ya kitanda, boksi limesimama vizuri tu, ile kulinyanyua, kitako kikabaki sakafuni. Riwaya kumi na saba, nilizookota moja moja kwa wauza mitumba wa Posta, zimebaki makava na vumbi. Mama watoto akachungulia, akasema, "Afadhali wamepatikana waliozimaliza."

Hapo mwanaume unajibu nini?

Nikasema yaishe, nahamia kwenye vitabu vya mashine. Mchwa hali kioo. Kumbe nimewakimbia mchwa, nikakanyaga siafu.

Nikaenda Kariakoo, Aggrey. Kijana wa dukani nikamwambia nataka kitu cha kusomea vitabu. "Boss, wewe chukua kishikwambi." Kishikwambi nakijua, tangu sensa ya 2022 nani asiyekijua? Makarani walituhesabia navyo mpaka wageni, kisha vikaenda kwa walimu. Akanitolea cha inchi 10, used ya Dubai, nailoni bado iko juu. Kikawaka, mpaka nikajiona nimefaulu maisha. Nikatoka nacho mlangoni, kwenye jua la saa saba, nijaribu kusoma. Nilichosoma ni pua yangu. Kioo kizima, pua. "Ongeza mwanga, boss." Nikaongeza. Pua ikang'aa.

Nikamtajia Kindle, mashine ya kampuni ya Amazon ya kusomea vitabu tu.

"Inaingia TikTok?" Haiingii. "Inapiga picha?" Haipigi. "Rangi je?" Nyeusi na nyeupe. Akaniangalia vile unavyomwangalia mtu anayeulizia bei ya gari lisilo na viti.

Nina mpwa wangu yuko Houston, anakuja Desemba. Nikampigia. Huyu ana subira, akanieleza vizuri: kioo cha Kindle ndani yake mna vidonge vidogo sana vyenye chembe nyeusi na nyeupe, umeme unazivuta juu au kuzishusha, ndiyo maandishi yenyewe. Ukurasa ukishatulia hauli chaji mpaka ugeuze mwingine, na juani unausoma kama karatasi. Nikafurahi kweli. Mtu wa kusimama kwenye daladala kutoka Rangi Tatu na jua la dirishani, nitake nini tena?

"Sawa mjomba, nikuchukulie yenye matangazo au isiyo na matangazo?"

Nikadhani simu inakatakata. Kumbe ndivyo ilivyo: yenye matangazo ni rahisi, isiyo nayo unaongeza kama dola 20. Yaani nanunua kitu kwa hela yangu, halafu natoa nyingine ili kisinipigie kelele! Ni sawa na kumlipa konda nauli, kisha kumwongezea mia tano asiite "Posta, Posta" sikioni mwako. Ingawa, nikifikiria vizuri, hiyo mia tano ningeitoa.

Mbwembwe nyingine ziko kwenye chaji. Kindle aina ya Paperwhite ya 2021 waliisifia inakaa wiki 10. Shuka sasa kwenye maandishi madogo: ukisoma nusu saa kwa siku, tena waifai umezima. Piga hesabu, ni saa 35. Hata mimi nikifanya kazi nusu saa kwa siku sichoki.

Halafu haiogopi maji. Mita 2, dakika 60, maji yasiyo na chumvi. Maji ya bahari ni robo mita, dakika 3. Ndugu zangu, siku nimekaa saa nzima chini ya mita mbili za maji, kweli mtakuwa mnaulizia kitabu? Maji ya Jangwani mwezi wa nne hayakutajwa kabisa, na hayo ndiyo nilitaka kujua.

Mpwa akaona nasuasua, akanitajia Kobo, mashine kama hiyo ila ya Wakanada. Hiyo faili la kitabu la aina ya EPUB unalitupia kwa waya, linafunguka. Kindle, EPUB mpaka uitume kwa Amazon ikageuzwe, na hiyo ruhusa yenyewe imekuja 2022. Ila vitabu vyangu vingi ni PDF za magrupu ya WhatsApp, zimepigwa picha kitabu kikiwa kimelala upande, kidole gumba cha mtu kimo humo humo. PDF kwenye kioo cha inchi 6 ni sisimizi wamepanga foleni. Ukiikuza, unasoma nusu mstari kama unachungulia tundu la ufunguo. Kwa hilo kishikwambi kinashinda, sibishi.

Na Amazon wana yao. Mwaka 2009 walizifuta nakala za vitabu vya George Orwell kutoka kwenye Kindle za watu waliokwisha kuvinunua, kisa aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Hela walirudisha, lakini umelala na kitabu, unaamka hakipo. Mchwa angalau wanakuachia kava.

Unajua kilichonifanya niamue? Mtoto wangu wa mwisho. Nilikuwa natazama video ya Kindle kwenye simu, akaja, akaangalia kidogo, akasema, "Baba, hiyo imeharibika, haina katuni," akaondoka zake. Hakurudi! Kishikwambi kikiingia nyumba hii mimi nitakiona kikiwa kwenye chaji tu, lakini Kindle hakuna atakayeigusa. Nikamwandikia mpwa hapo hapo: lete Kindle.

Akajibu, "Mjomba, tangu 2024 kuna ya rangi, nikuchukulie hiyo?"

Usithubutu.

Nikalala usingizi wa tajiri. Asubuhi mama watoto ananimiminia chai, mpole mpaka nikashtuka. "Hivi kile chako, maandishi si yanakuzwa?" Nikajisifu, yanakuzwa mpaka neno moja linajaza mstari. "Na macho hakiumizi?" Hakiumizi, mke wangu, ni kama karatasi. "Na Biblia inaingia?" Inaingia na nafasi inabaki.

Akanyamaza. Nikaendelea na chai yangu, mjinga mimi.

Jioni simu ikaita, mama mkwe kutoka Korogwe, sauti imejaa baraka. Anasema miwani yake imechoka, mwanawe kamweleza kila kitu, na Mungu anizidishie. Anauliza hiyo Biblia ya umeme inafika kabla ya Krismasi au baada.

Kabla, mama. Shikamoo.

Leo nimepita tena Aggrey. Yule kijana akaniita, "Boss, umerudi kwenye kishikwambi?" Nikamuuliza duka la dawa ya mchwa liko mtaa gani.