Mwalimu wa emajensi apandishwe cheo kwa pepa au kwa watu aliowafundisha?

Jumamosi tulikuwa wanne tunakunywa mtori pale Kiboriloni, Moshi, wote madaktari, wote tumepita mikononi mwa mwalimu mmoja wa emajensi, yaani idara ya dharura, huku kaskazini, na habari iliyofika mezani ni kwamba amekwama tena, hajapanda kutoka mhadhiri kwenda mhadhiri mwandamizi kwasababu pepa zake, yaani tafiti alizochapisha kwenye majarida, hazijatosha. Wawili wakasema huo ni uonevu wa wazi, mmoja akasema sheria ni sheria, chuo kikuu sio tyusheni. Mi nilikaa kimya maana yule mama nampenda na nilijua nikifungua mdomo nitaongea kwa moyo tu, kwahiyo nimesubiri nitulie ndo naandika.

Nianze na nilichokiona mwenyewe. Nikiwa intani, daktari mpya niliye kwenye mafunzo kazini, usiku wa tatu tu emajensi, kaletwa kijana wa bodaboda nyuma ya pikapu, kichwa kimeumia, anapumua kwa kukoroma afu baadae hata kukoroma kunapotea. Sista akamshika kichwa shingo isicheze, mi nikachukua ambu, ule mfuko wa kumpulizia mgonjwa hewa kwa mkono, nikaanza kukamua, kifua hakipandi, hewa yote inatokea pembeni ya maski na mi nazidi kukamua kwa nguvu. Mwalimu akaja nyuma yangu, hakuninyang'anya. Akashika mkono wangu wa kushoto akaupanga, dole gumba na kidole cha shahada vifanye herufi C juu ya maski, vidole vitatu vilivyobaki vifanye E chini ya mfupa wa taya, akasema "usikandamize maski, vuta taya iifuate maski." Kifua kikapanda palepale. Afu akaanza kuhesabu na mimi kwa sauti ya chini, moja mpaka sita pumzi moja, moja mpaka sita pumzi moja, kwasababu nilikuwa naenda mbio na hewa inaishia tumboni. Ilikuwa dakika nne labda. Hizo dakika nne fomu ya kupandisha cheo haina pa kuziandika, na mi mpaka leo kila intani mpya nampanga vidole hivyohivyo.

Sasa ujue hii fani yenyewe bado mbichi. Hata Marekani kwenyewe mafunzo rasmi ya ubingwa wa dharura yalianza Cincinnati 1970 na fani ikatambuliwa kama ubingwa kamili 1979. Kwetu idara ya kisasa ya dharura Muhimbili ilifunguliwa 2010, mwaka huohuo MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, wakaanza kusomesha mabingwa kwa miaka mitatu, wa kwanza wakatoka 2013. Yaani mabingwa wakongwe kabisa waliosomea humuhumu nchini wana miaka kumi na kitu tu kazini, na haohao ndo walimu, ndo wakuu wa idara, ndo wanaopigiwa simu saa nane za usiku. Afu ukaja ule mkopo wa UVIKO wa 2021, shilingi trilioni 1.3, sehemu yake ikajenga majengo ya dharura na ICU, vyumba vya wagonjwa mahututi, mikoani, jambo zuri sana, ila jengo linasimama ndani ya miezi na mtu wa kukaa mle ndani akajua yupi aguswe kwanza hasimami kwa spidi hiyo. Anatengenezwa na mwalimu, mmoja mmoja, kitandani kwa mgonjwa.

Lakini nimpe haki yake yule wa sheria ni sheria, maana hoja yake ni nzito kuliko tulivyotaka kukubali pale mezani. Alisema hivi, mwalimu asiyetafiti anafundisha alichofundishwa, na kama alichofundishwa ni kosa basi anazalisha makosa kwa wingi. Akatukumbusha utafiti uliofanyika hapahapa Moshi, ukatoka 2013, wagonjwa 870 waliolazwa na homa kwenye hospitali mbili za hapa mjini, asilimia 60.7 madaktari waliwaandikia malaria na walipopimwa vizuri waliokuwa na malaria kweli ni asilimia 1.6 tu. Wengine walikuwa na bakteria kwenye damu, fangasi, homa zinazotoka kwa wanyama, magonjwa ambayo hakuna aliyekuwa anayawaza. Na utafiti mwingine ulioitwa FEAST, 2011, watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na hapa kwetu, Muheza ikiwemo, watoto wenye homa kali na damu haizunguki vizuri. Waliomwagiwa maji mengi ya dripu kwa haraka walikufa kama asilimia 10 na nusu ndani ya siku mbili, wasiomwagiwa, waliopewa kiasi cha kawaida tu, asilimia 7.3. Na kumwaga maji ndo ilikuwa inafundishwa duniani kote. Hebu fikiria mwalimu mpole, mwenye kipaji, anayependwa na maintani, mwaka 2010 anafundisha hivyo kwa ufasaha, kile kipaji chake ndo kingesambaza hatari haraka zaidi.

Hapo kwa kweli sikuwa na jibu mpaka nilipokuwa narudi nyumbani.

Jibu lenyewe ni kwamba mi nimekuwa intani miaka kadhaa baada ya huo utafiti wa Moshi kutoka na bado kila homa niliyoiona nilikuwa naiandikia malaria. Pepa ilikuwepo, intaneti ilikuwepo, nafanya kazi kwenye mkoa uleule ilipofanyikia, na haikunifikia. Iliyonifikia ni mkono wa mwalimu uliochukua faili langu, akasoma, akauliza kipimo cha malaria kiko wapi, nikasema hakijarudi, akauliza sasa hii malaria umeitoa wapi. Akanikalisha akanielezea ule utafiti kwa dakika kumi huku foleni imejaa. Kwahiyo anayeandika na anayefundisha hawashindani hata kidogo, anayefundisha asipokuwepo, kazi ya anayeandika inabaki kwenye jarida, na chuo kinachompandisha mmoja na kumwacha mwenzie kimehesabu nusu ya kazi.

Halafu tusidanganyane kuhusu hizo pepa zenyewe. Zipo zilizookoa watu kama hizo mbili, na zipo ambazo mtu ni jina la kumi na mbili kwenye projekti ya watu wa nje, kazi yake ilikuwa kusaini, ila kwenye sivii inahesabika. Wakati huohuo mwalimu aliyebeba zamu ili mwenzie akakusanye data hahesabiki popote. Na mzigo wa kufundisha siku zote unamwangukia asiyejua kukataa.

Kuna wanaosema basi tuige Marekani, vyuo vingi kule vina njia yao ya kupandia ya daktari anayetibu na kufundisha, anapeleka ushahidi wa ufundishaji wake badala ya rundo la pepa. Mi hiyo siikubali yote. Hata kulekule wanalalamika kwamba hiyo njia inaonekana ni mlango wa uani, na kwetu sisi tunaopenda vyeo nahisi ingekuwa mbaya zaidi, utasikia "yule ni profesa wa kufundisha tu." Ningechagua ngazi iwe moja, ila ufundishaji uwe na uzito wa kweli ndani yake. Na usipimwe kwa maksi za wanafunzi peke yake, maana wanafunzi wanampenda pia anayewaachia watoke mapema. Akae bingwa mwenzie nae zamu nzima amuangalie. Maintani wapimwe kuvuta taya na kutumia ambu siku wanaingia na siku wanatoka. Yale mafunzo ya dharura ya WHO ya 2018, ya siku chache kwa manesi na madaktari wa kwenye vifaa vichache, mwalimu akiyapeleka wilayani na kuwapima watu kabla na baada, hiyo tayari ni data, tena ni pepa ikiandikwa.

Inataka muda tu, na hapo kwenye muda ndo pagumu. Wamarekani kwa miaka mingi walikuwa na kanuni kwamba walimu wakuu wa programu ya emajensi wasizidi wastani wa saa 28 za zamu kwa wiki ili wapate nafasi ya kufundisha na kuandika, na ilipokuja kulegezwa walimu walipiga kelele sana. Huku kwetu mwalimu anapiga zamu sawa na kila mtu, lekcha anaiandaa usiku, na hospitali za binafsi za Arusha zinampigia simu na ofa ya kutibu tu, bila mwanafunzi hata mmoja, kwa hela nzuri. Akiondoka sitamlaumu.

Jumatatu nilimuuliza pepa yake imefikia wapi. Akasema ipo kwenye laptopu tangu Januari, ni ya mafunzo aliyowapa manesi wa vituo vya afya, imebaki sehemu ya majadiliano tu. Sisi wawili tunaofanya nae kazi tumechukua zamu zake nne za mwezi huu, na yule wa sheria ni sheria kasema rasimu ikiwa tayari aletewe yeye aisome wa kwanza.