Viwanja vipya Tabora vimepimwa vizuri, haya chumvi utanunua wapi?

Tabora siku hizi ukipata hela kidogo ushauri ni ule ule, achana na mitaa ya zamani, nenda pembeni huko Ipuli au Malolo ukachukue kiwanja kilichopimwa. Na hoja ina mashiko kwa kweli. Kina bikoni (zile alama za mipaka), hati unafuatilia, benki wanakusikiliza, barabara imenyooka. Mitaa ya zamani kama Ng'ambo na Isevya kuna sehemu choo kikijaa gari la kunyonya halifiki, nyumba ikiwaka moto zimamoto wanaishia njiani, hata jeneza linapita kwa kuinamishwa kati ya kuta mbili.

Hapo sibishi. Shida inaanza ukishahamia, maana majirani wengi wamenunua wanasubiri bei ipande tu, mtu anamwaga matofali na tripu moja ya mchanga halafu haonekani tena, majani yanafunika. Hati inataka uendeleze ndani ya miezi 36 ila nani anafuatilia? Sasa bomba la maji lipite viwanja kibao vitupu limfuate mteja mmoja, nguzo za umeme nazo hivyo hivyo. Na kwa kuwa ramani inasema makazi tu, duka hakuna, chumvi ikiisha ni kupanda boda. Ng'ambo unatoka na kandambili zako, genge hili hapa, cherehani pale, chapati za asubuhi kwa jirani.

Wamarekani walishapita huko, kitongoji cha Levittown karibu na New York kilianza kujengwa 1947, nyumba zinafanana na bila gari huendi popote. Wao angalau magari walikuwa nayo. Sisi tunamchorea mwenye gari mtaa atakaoishi mtu wa baiskeli!

Wapo wanaosema kiwanja kikubwa raha, unafuga kuku unalima mahindi, sawa, ila si lazima vyote viwe hivyo. Enyi mnaopanga mji, changanyeni na vidogo, viwanja vya kona viandikwe makazi na biashara tangu mwanzo (fremu watajenga tu, mkatae mkubali), achieni vichochoro vya miguu katikati ya bloku, na greda likija liache miembe jamani, jua la Oktoba la hapa mnalijua.

Ng'ambo nako tusibomoe, turasimishe, yaani tupime makazi yaliyopo wapate hati, wenye nyumba wakae wakubaliane kila mmoja amege hatua mbili tatu njia ipite. Ugomvi utakuwepo, ila ni nafuu kuliko kulipa fidia mtaa mzima.