Bima ni ya Shangazi, si ya Fundi

Upepo wa masika ulipong'oa bati mbili juu ya jiko la shangazi yangu huko Chumbageni, Tanga, fundi alifika kabla sakafu haijakauka. Hakuitwa. Alikuja na pikipiki, ngazi na maneno laini: "Mama, nyumba hii si ina mkopo wa benki? Basi ina bima. Hutatoa hata senti. Saini hapa, mengine niachie mimi."

Kilichoniuma ni kwamba alisema kweli. Benki ikishika nyumba kuwa dhamana, kwa kawaida hutaka ikatiwe bima. Shangazi alikuwa akikatwa hela hiyo kila mwaka akidhani ni riba. Fundi wa kupita aliijua bima yake kuliko yeye.

Nilipofika nikamkuta fundi yuko juu ya paa la chumba cha kulala, ambako hakukuvuja hata tone, akikwangua misumari. Nikapanda. Bati lenyewe lilikuwa na kutu ya miaka, lakini matundu ya misumari yalikuwa yanameta: mapya, ya kutengenezwa ili upepo usingiziwe na bima ilipe. Na ile karatasi? Ilimpa fundi ruhusa ya kufuatilia madai na kupokea malipo, na pa kuandika kiasi pameachwa wazi.

Wapo watakaosema: kampuni za bima zina hela, acha ziliwe kidogo. Mimi sikubali, wala si kwa kuzihurumia. Jina kwenye madai ni la shangazi. Uongo ukigundulika, kampuni inaweza kukataa madai yote, pamoja na zile bati mbili za haki, na mkopo unaendelea kudai kama kawaida. Fundi atakuwa keshafika Muheza.

Marekani wameliona hili kwa ukubwa. Huko Florida, baada ya dhoruba, wakandarasi walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakisainisha watu wawakabidhi haki zao za madai, kisha kesi zikafurika mahakamani. Desemba 2022 jimbo likapitisha sheria: bima ya nyumba iliyotolewa kuanzia Januari 1, 2023, madai yake hayakabidhiwi tena kwa mkandarasi. Sisi tunasubiri nini?

Kwa sasa kinga ni yako mwenyewe. Piga picha kabla mtu hajapanda darini. Funika kwa turubai, utunze risiti. Ipigie simu benki au kampuni ya bima siku hiyo hiyo, na mkaguzi wao aone paa kabla ya fundi kuligusa. Kazi ikiwa kubwa, uliza usajili wa Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Ingawa, tuseme ukweli, mafundi wetu wengi wa mtaani hawamo humo, na mimi kwa bati mbili namwamini zaidi yule ambaye namjua hadi anaposwali. Kampuni ikikuzungusha, yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Shangazi, kwa ustaarabu wake, alimpa yule bwana chai kwanza ndipo akamrudishia karatasi yake. Bati mbili za jikoni bima ililipa. Lile la chumbani alilolikwangua tulinunua wenyewe.