Kwa ayala wa Iowa, mtutu laini unatosha

Mwaka wangu wa kwanza kuwinda hapa Iowa, jimbo la Marekani, nilimjeruhi ayala jike, mnyama ambaye Wamarekani humwita deer, nikampoteza. Alisimama ubavu, yadi themanini hivi kutoka kwenye mti nilioegemea. Nilifyatua, akajikunja, akaruka waya wa shamba na kuzama korongoni. Tulifuata damu kwenye theluji mpaka giza likatuzuia. Tuliporudi alfajiri, theluji mpya ilikuwa imefunika kila kitu. Ndugu zetu wanaoanza kuwinda wakiniuliza wanunue shotigani ya mtutu laini, usiochongwa kitu ndani, au ya mtutu wenye mifuo, huwa namkumbuka yule jike kabla sijafungua mdomo.

Kosa lilianzia dukani. Bunduki yangu ni geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu wa shotigani), mtutu laini, ya kusukuma kwa mkono. Muuzaji alinipa slagi, yaani risasi moja moja kubwa za shotigani, za aina ya saboti, akasema ndizo bora kuliko zote. Boksi la risasi tano lilikuwa zaidi ya mara mbili ya bei ya slagi za kawaida, nami nikaamini kuwa ghali ndiyo nzuri. Sikuzijaribu shabahani. Wiki moja baada ya kumpoteza yule mnyama ndipo nilipotundika karatasi kwenye yadi 50 na kufyatua tano zilizobaki kwenye boksi la pili. Mbili hazikugusa karatasi kabisa. Moja iliingia kibavubavu ikaacha tundu refu, kama tundu la ufunguo. Nilikaa chini pale uwanjani, nikaona aibu.

Naandika ayala, jina tulilolizoea kanisani, maana paa na kulungu wa kwetu Tanzania ni wanyama wengine. Pembe zao hazidondoki, ilhali dume wa huku huangusha zake majira ya baridi na kuotesha nyingine.

Sasa, mtutu wenye mifuo ni nini? Ndani yake umechongwa mifereji inayojisokota kutoka nyuma hadi mdomoni. Risasi ikipita hushikwa na mifereji ile, ikatoka inazunguka, na mzunguko ndio unaoishikilia isiyumbe, kama pia ambayo haianguki maadamu inazunguka. Saboti ni kikombe cha plastiki kilichobeba risasi nyembamba kuliko mtutu. Plastiki hung'ata mifuo, huizungusha risasi, kisha huachana nayo ikishatoka mdomoni. Ukiipitisha saboti kwenye mtutu laini hakuna cha kuizungusha, kwa hiyo inapinduka hewani. Hayo ndiyo niliyomfanyia yule jike.

Slagi ya mtutu laini ina akili nyingine kabisa. Karl Foster, Mmarekani, aliibuni mwaka 1931: kipande cha madini ya risasi chenye uzito mbele na uwazi nyuma. Funga jiwe kwenye pembe ya leso ulirushe, utaona jiwe linatangulia na leso inafuata. Ndivyo slagi ile inavyoruka. Ile michirizi ya ubavuni, ambayo watu wengi hudhani inaizungusha, kazi yake hasa ni kuiwezesha kubanwa na kupita salama mdomoni mwa mtutu. Ya geji 12 huwa na gramu 28 hivi. Kabla ya Foster, Mjerumani Wilhelm Brenneke alishatengeneza ya kwake mwaka 1898, na jina lake bado liko kwenye maboksi hadi leo.

Kwa hiyo kabla ya kubishana kuhusu mtutu, tukubaliane jambo moja: mtutu na risasi ni ndoa. Saboti kwa mifuo, slagi ya Foster kwa laini. Ukipitisha Foster kwenye mifuo huenda ikalenga vizuri mara chache za mwanzo, lakini madini yake laini hujaza mifereji, na kuisugua ni kazi ya jioni nzima.

Msimamo wangu ni huu: anayeanza, na hata wengi wanaowinda miaka yote, mtutu laini unawatosha. Sababu ni namna tunavyowinda. Katika misimu ya shotigani ya Desemba huku Iowa, watu wengi huwinda kwa kuswaga. Kundi moja huingia msituni au kwenye korongo la kijito likitembea kwa mstari, jingine husubiri upande wa pili, wote wamevaa fulana za rangi ya machungwa inayong'aa. Ayala hutoka yadi thelathini, arobaini, sitini. Umbali huo slagi ya Foster inafanya kazi yake yote. Babu yangu kule Urambo alilinda mahindi dhidi ya nguruwe pori kwa gobore, ambalo nalo ni mtutu laini, na kanuni yake ilikuwa kungoja mpaka aone jicho. Mimi sisemi tungoje jicho. Ila mpaka wangu ni yadi 75, na siku ya upepo au mikono ikiwa imekufa ganzi, pungufu ya hapo.

Halafu kuna matumizi ya mwaka mzima. Bunduki ile ile, ukiitia marisau, zile punje ndogo nyingi za risasi, ni ya fizanti, ndege wa jamii ya kuku, majira ya majani kupukutika na ya bata mzinga dume majira ya kuchipua. Mtutu wa mifuo hauwezi hayo. Marisau yakizungushwa hutawanyika yakaacha uwazi katikati, na ndege anapita humo humo. Kwa ayala marisau hayaruhusiwi Iowa hata kidogo, ni slagi tu.

Wenye mtutu wa mifuo wana hoja, na naiheshimu. Anayekaa pembeni mwa shamba la mahindi lililovunwa anaweza kumwona dume yadi 130, na kwa saboti na darubini iliyofungwa sawasawa anampata. Mtutu laini hapo ni dhambi. Lakini nadhani zama za hoja hiyo zimepita. Iowa ilishikilia shotigani miaka mingi kwa sababu nchi ni tambarare, ina nyumba za wakulima kila upande, na risasi ya raifoli husafiri mbali sana. Mwaka 2017 sheria ikaruhusu raifoli za maganda yaliyonyooka, yaani zinazotumia risasi ambazo ganda lake halisinyai shingoni, katika misimu hiyo ya shotigani, kama ilivyofanya Ohio mwaka 2014. Anayehitaji yadi 150 leo atapata raifoli ya namna hiyo yenye teke dogo kuliko geji 12, inayolenga vizuri kuliko shotigani nyingi za mifuo, na kila risasi itamgharimu kidogo kuliko saboti. Kwa nini basi atoe pesa kununua mtutu ambao hauwezi ndege na umeshapitwa kwa umbali?

Ukichukua laini, angalia kibano cha mdomoni, kile kipande kinachopunguza upana wa mdomo wa mtutu. Kile cha kubana sana, kilichotengenezwa kwa ajili ya bata mzinga, kitoe. Weka kilicho wazi kabisa au kinachobana kidogo tu. Ile shanga moja ya mbele haitoshi kulengea slagi, kwa hiyo funga vilengeo viwili, cha mbele na cha nyuma, au darubini ndogo isiyokuza. Kisha nunua maboksi ya kampuni tatu tofauti, kwa maana mtutu mmoja hupenda hii na kuikataa ile, na hakuna muuzaji anayeweza kukuambia upi wako unapenda nini. Karatasi ndiyo itakuambia. Fyatua kwenye yadi 25, kisha 50, kisha 75. Mahali ambapo matundu yako yanazidi upana wa sahani ya chai, hapo ndipo mwisho wako Desemba hiyo, hata akipita dume mwenye pembe za ncha kumi yadi tano zaidi.

Zile saboti zangu, boksi moja ambalo sikulifungua, bado ziko kabatini. Mwenye mtutu wa mifuo aniambie, nitampa bure.